Wakuu, meli ya kitalii Karibiani mwezi wa tisa na vimbunga: niende au niache hela ipotee?

#1 Mgeni_Texas
Wakuu habari za saa hizi. Niko Houston mwaka wa nne sasa. Mimi na mke wangu tuna tiketi ya meli ya kitalii, siku saba, inatoka Galveston Jumapili tarehe 13 Septemba, inapita Cozumel, George Town ya Grand Cayman na Falmouth ya Jamaika, inarudi Galveston Jumapili tarehe 20. Tumemaliza kulipa wiki iliyopita. Jana kazini mtu akaniambia tumechagua wiki mbaya kuliko zote za mwaka kwa vimbunga. Usingizi umekata. Swali langu ni moja tu: meli ikikutana na kimbunga inafanyaje? Nahodha anaweza kukikwepa au tunamwachia Mungu? Matusi pembeni. Natanguliza shukrani.

#2 Pweza Mkavu
Ngoja waje wanaojua. Ila mkuu, unaishi Houston, vimbunga vinakufuata mpaka mlangoni bure, wewe unalipa hela ukavifuate baharini?

#3 Tezi na Omo
Meli hizi hazipigani na kimbunga, zinakikimbia. Kimbunga cha Karibiani upepo wake unaweza kuzidi kilomita 250 kwa saa, lakini chenyewe kwa kawaida kinasogea noti 8 hadi 15 tu (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa). Kikiwa noti 10, mtu wa baiskeli anakipita. Meli ya kitalii inakwenda noti 20 hadi 22, karibu kilomita 40 kwa saa. Mwenye mbio ndiye anayechagua umbali.

Kipimo kinachojulikana na manahodha ni cha moja-mbili-tatu. Unachukua eneo lote lenye upepo wa noti 34 na zaidi, unaliongezea maili 100 za baharini kufidia makosa ya utabiri wa saa 24, maili 200 kwa saa 48, maili 300 kwa saa 72. Humo huingii. Na ikibidi kupita karibu, unapita kushoto kwa njia ya kimbunga, maana kaskazini mwa Ikweta upande wa kulia upepo unajumlishwa na mwendo wa kimbunga chenyewe, halafu unakusukuma mbele ya njia yake. Huku kwetu kusini ni kinyume, upande mbaya ni wa kushoto.

Watu watakutajia El Faro, 1 Oktoba 2015, mabaharia 33 waliokufa kwenye kimbunga Joaquin. Ile ilikuwa meli ya mizigo ya mwaka 1975. Nahodha alikuwa anategemea taarifa za hewa zilizochelewa kwa saa kadhaa. Meli ikalala upande, pampu ya mafuta ya kulainisha mitambo ikawa inavuta hewa, mitambo ikazima. Meli bila mitambo inageuka ubavu kwa mawimbi, na hapo hakuna ubaharia tena. Ya abiria ni Fantome, meli ya matanga, Oktoba 1998. Abiria waliteremshwa Belize City, ikarudi baharini na mabaharia 31 kukikwepa kimbunga Mitch. Mitch akageuka kusini kuifuata, na meli hiyo haikuwa na mbio za kutosha. Haikuonekana tena.

#4 Bi Mkubwa
Mwanangu, hela yote hiyo ya kwenda kuangalia maji. Kwenu umeshajenga? Mama yako anaishi wapi? Swali hili ulijibu kabla ya kuuliza la kimbunga.

#5 Kibarua wa Hewa
Aliyekwambia wiki mbaya hajakosea. Msimu wa Atlantiki unaanza 1 Juni hadi 30 Novemba, kilele ni karibu tarehe 10 Septemba. Ila msimu si kimbunga. Unachotakiwa kufuata ni Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani, kiko Miami. Kimbunga kikishazaliwa wanatoa taarifa kila saa sita: saa 11 alfajiri, saa 5 asubuhi, saa 11 jioni, saa 5 usiku, kwa saa za Miami, Houston mko nyuma saa moja. Kabla hakijazaliwa wana ramani ya siku saba inayoonyesha maeneo ya kutilia shaka.

Kosa la wengi ni kusoma ile pia ya njia ya kimbunga (lile umbo la koni kwenye ramani) kama ukubwa wake. Pia ile inaonyesha kitovu kinaweza kuwa wapi kwa siku tano, basi. Na kitovu hubaki ndani yake kama mara mbili katika kila tatu. Upepo na mawimbi vinafika mbali nje ya mistari hiyo.

#6 Mgeni_Texas
Asanteni sana wakuu, moyo umetulia. Kwa hiyo hata kikija, tarehe 20 tunakuwa Galveston. Hiyo tarehe ndiyo ilikuwa inanisumbua.

#7 Tezi na Omo
Hapana. Nimesema meli itakuwa salama, sijasema tarehe 20. Ni vitu viwili tofauti, na wengi wanavichanganya.

Angalia ramani. Kutoka Karibiani kuingia Ghuba ya Meksiko, njia yenu ni mlango wa Yucatan, kati ya Cancún na ncha ya magharibi ya Kuba, upana kama kilomita 200. Kimbunga kinachoelekea Ghuba nacho kinapenda mlango huohuo. Kikiwa pale, ninyi mnakaa kusini mnazunguka mpaka kipite. Halafu kikipita kinakwenda wapi? Ghuba, nyumbani kwenu.

Kisha kuna bandari. Walinzi wa pwani wa Marekani wana hatua nne, wanahesabu saa zilizobaki kabla ya upepo wa noti 34 kufika: Whiskey saa 72, X-Ray saa 48, Yankee saa 24, Zulu saa 12. Kwenye Yankee meli haziruhusiwi kuingia tena. Kwenye Zulu bandari imefungwa. Na upepo ukiisha haifunguliwi kesho yake kama duka. Wanapima kina cha mkondo, wanatafuta maboya yaliyohama, wanahakikisha hakuna kitu kilichozama njiani, ndipo rubani wa bandari anapanda. Agosti 2017 Harvey alipoifunga Galveston, baadhi ya meli za kitalii za hapo zilikwenda New Orleans kuchukua chakula na mafuta, abiria wakazidisha siku kadhaa.

Sasa nikuulize. Kwa nini unaing'ang'ania tarehe 20? Kazi? Ndege?

#8 Mgeni_Texas
Mambo ya kifamilia tu mkuu. Tuseme ikichelewa siku mbili tatu, wanatulipa? Na mrama je? Chumba chetu kiko juu kabisa mbele, chenye baraza.

#9 Tezi na Omo
Juu kabisa mbele! Umelipia bembea. Meli inakwenda mrama ubavu kwa ubavu, na inapanda na kushuka omo (mbele) na tezi (nyuma). Ule wa ubavu unapunguzwa na mapezi mawili yanayotoka ubavuni chini ya maji, na yanafanya kazi vizuri meli ikiwa na mwendo. Wa kupanda na kushuka hayauwezi. Omo inapaa zaidi, na juu zaidi unasikia zaidi. Chumba kizuri ni katikati, chini.

Bahari ikichafuka utaona dalili: bwawa linamwagwa maji, viti vya nje vinafungwa kamba, milango ya sitaha ya juu inafungwa, chupa za dukani zinalazwa, mifuko ya kutapikia inapachikwa karibu na lifti. Huo ni utaratibu, usipige kelele.

#10 Ushuru
Nijibu la hela. Mkataba wa tiketi unampa nahodha ruhusa ya kubadili njia bila kukulipa. Bandari ikirukwa unarudishiwa ushuru wa bandari ile tu, mara nyingi kama salio la kutumia melini. Kwa meli zinazopakia abiria Marekani, safari ikifutwa au kuondoka kukiahirishwa siku tatu au zaidi, una haki ya kudai nauli yako yote. Kuchelewa *kurudi* hakumo humo.

Bima: ile ya kawaida lazima uinunue kabla kimbunga hakijapewa jina. Kikishaitwa jina, kwao ni jambo ulilolijua. Ile ya kughairi kwa sababu yoyote hurudisha asilimia 50 hadi 75, na hununuliwa ndani ya siku 14 hadi 21 tangu malipo ya kwanza. Ulilipa lini ya kwanza?

Na hebu sema ukweli. "Mambo ya kifamilia" ni mgonjwa?

#11 Mgeni_Texas
Malipo ya kwanza Februari. Bima hatukuchukua.

Si mgonjwa. Mke wangu ni mjamzito. Sikutaka kusema kwa sababu najua humu mtaanza mahubiri. Daktari kamwangalia, presha nzuri, damu nzuri, akasema kusafiri ruksa. Mimba ya kwanza, na tukishapata mtoto hatutatoka tena miaka mitano. Tena kote tunashuka gatini kwa ngazi pana, hakuna kurukaruka. Nimesoma kampuni wanakataa wiki 24, sisi tutakuwa 22. Sioni tatizo.

#12 Pweza Mkavu
Kimbunga kilichopiga Jamaika Julai 2024 kiliitwa Beryl. Mtoto akiwa wa kike jina unalo.

#13 Nyakanga
Shem, tarehe ya makadirio ni lini?

#14 Mgeni_Texas
17 Januari.

#15 Nyakanga
Rudisha siku 280, unapata 12 Aprili. Kutoka 12 Aprili hadi 13 Septemba ni siku 154, yaani wiki 22 kamili asubuhi ya kupanda. Tarehe 20 anatimiza wiki 23 kamili. Na mtu akitimiza wiki 23, siku hiyohiyo *anaingia* wiki ya 24, kama mtoto akimaliza mwaka mmoja anavyoanza wa pili. Kuna kampuni zinaandika "akifikisha wiki 24", kuna zinazoandika "akiingia wiki ya 24 siku yoyote ya safari". Yenu ikiwa ya pili, mnarudishwa Galveston kwenye kaunta, na mzigo wenu. Soma neno kwa neno. Na wanataka barua ya daktari yenye tarehe ya makadirio, inayosema anafaa kusafiri baharini.

Sasa ongeza siku tatu za Tezi na Omo. Zahanati ya meli ina daktari, ina oksijeni, ina dawa za dharura. Wodi ya watoto njiti haina. Helikopta haimchukui mtu meli ikiwa kwenye upepo wa namna hiyo, na kimbunga ndicho kinachowazuia kufika bandari. Kile kikomo cha wiki wamekiweka kwa sababu melini huduma hizo hazipo, na kila siku ya kuchelewa inawasogeza kwenye hatari hiyo.

Na dawa za kigegezi, kile kibandiko cha nyuma ya sikio hasa, asibandike bila daktari wake kujua.

#16 Mgeni_Texas
Dada nimekuelewa, ila tunaongelea kimbunga ambacho hata hakijazaliwa. Tukiishi hivyo hatutatoka nje. Hela ni nyingi.

#17 Kunywa Chai
Wakuu mnahangaika bure, hii ni chai. Akaunti ina siku mbili. Anasema "kote tunashuka gatini". George Town haina gati la meli za kitalii! Meli inatia nanga nje, watu wanapelekwa kwa boti. Mtu mwenye tiketi mkononi angejua. Kaokota majina ya bandari mtandaoni akatunga na mimba juu yake. Aweke picha ya tiketi.

#18 Tezi na Omo
Hilo la George Town ni kweli. Na ndiyo sababu ni bandari ya kwanza kurukwa. Hakihitajiki kimbunga karibu. Kimbunga kilicho mamia ya kilomita huko kinatuma mawimbi marefu, boti inapanda na kushuka ubavuni mwa meli, na abiria anatakiwa akanyage pengo hilo kwa wakati. Mjamzito wa wiki 22 mimi nisingemvusha pale bahari ikiwa nusu shwari.

Cozumel na Falmouth kuna magati, ila nako upepo ni shida kwa namna nyingine. Ubavu wa meli hizi ni ukuta wa ghorofa kumi na kitu, upepo unausukuma kama tanga. Upepo ukikaribia noti 30 au 35 kutoka ubavuni, nahodha anaanza kufikiria kupitiliza.

#19 Pweza Mkavu
Kama ni chai basi ina tangawizi, nayo inasaidia kigegezi. Endeleeni kumimina.

#20 Kunywa Chai
Na Februari alilipia safari ya mjamzito wa Aprili? Alikuwa mganga?

#21 Nyakanga
Ndugu, hilo ndilo linalonifanya nimwamini. Walikata Februari, mimba ikaja baadaye. Mtunga hadithi angeanza na mimba.

Shem, hiyo ndiyo karata yako. Usiwaombe wakurudishie hela. Waombe wahamishe tarehe, kwa sababu mlikata kabla ya mimba na barua ya daktari itaonyesha hivyo. Kampuni nyingine zina kifungu cha hali hiyo, nyingine huangalia ombi lenyewe. Na uombe wiki hii, makato ya kughairi yanapanda kadiri tarehe inavyosogea.

#22 Ushuru
Naunga mkono. Kuna bima zinazotambua mimba iliyotungwa baada ya kununua bima. Mngechukua Februari, leo usingekuwa hapa. Ukihamisha tarehe, nunua bima siku hiyohiyo ya malipo.

#23 Mgeni_Texas
Picha ya tiketi siweki, ina majina yetu. Ila nimeisoma tena. Mbele ya George Town kuna kialama cha boti, nilidhani ni pambo. Kunywa Chai, samahani, na asante.

Masharti yao yameandikwa "akiingia wiki ya 24".

Nimepiga simu. Dada wa upande wa pili akauliza tarehe ya makadirio. Nikakata.

#24 Nyakanga
Piga tena. Safari hii mpe mke wako simu.

#25 Bi Mkubwa
Na la mama yako hujalijibu.