Street Glide ya 2012: nataka rimu ya 21 mbele, usukani utakuwaje?

Mpanda_Houston

Wakuu, salaam. Nina pikipiki ya Harley-Davidson, Street Glide ya 2012, mbele bado ina rimu ya kiwandani, inchi 18. Nataka kuweka 21. Duka moja hapa Houston wananiambia nisiishie hapo, niende moja kwa moja kwenye 26 ndio "bega" (bagger, yaani pikipiki ya safari yenye mabegi ya pembeni) iliyokamilika.

Pesa nimeshaiweka pembeni, ninachohofia ni matumizi. Mke wangu hukaa nyuma, mabegi ya pembeni yanajaa, na majira ya kuchipua tunapanda hadi Leakey, mji mdogo wa milimani hapa Texas, kuzunguka zile barabara za 335, 336 na 337, kona baada ya kona. Nikiweka 21 nini hasa kitabadilika? Kuna ulazima wa kukata fremu? ABS (breki zinazozuia gurudumu lisijifunge) sina.

Baridi_Minneapolis

Mkuu, niliwahi kuazimwa ya rafiki yangu yenye 23. Barabara kuu imetulia sana, huna wasiwasi. Kasheshe ni kwenye maegesho: ukikata kona kwa mwendo wa kutembea, usukani unataka kudondokea upande na unaushikilia kwa nguvu. Tena huku kwetu baridi ikiisha barabara zimejaa mashimo, na tairi lile ni jembamba pembeni. Rimu yake ishapinda.

Fundi_Dallas

Ndugu wa Houston, nafanya kazi hizi hapa Dallas, ngoja nikueleze kwa kirefu maana watu wengi wanauziwa rimu bila kuelezwa.

Weka kando namba ya rimu kwanza, hesabu kipenyo cha tairi zima. Hilo lako ni 130/70 la 18, yaani upana milimita 130, mpira wa pembeni asilimia 70 ya upana huo, rimu inchi 18; kipenyo chake ni kama milimita 639. Road King, Harley nyingine ya miaka yako, ina 130/80 la 17: 640. Street Glide za kuanzia 2014 zina 130/60 la 19: 639. Hata zile za zamani za 16 zenye 130/90 ni 640. Umeona? Kiwanda kimepandisha rimu kutoka 16 hadi 19 na ekseli haijasogea juu hata kidogo. Wamepunguza tu mpira wa pembeni. Ndiyo maana mtu akitoka 18 kwenda 19 anakwambia hajahisi tofauti, akadhani na 21 itakuwa hivyo hivyo.

Haiwi hivyo. Tairi la 120/70 la 21 lina kipenyo cha milimita 701. Ekseli inapanda milimita 31, na pua ya pikipiki inapanda nayo. Umbali wako kati ya ekseli mbili ni kama milimita 1,600, kwa hiyo mlalo wa kichwa cha fremu, lile bomba la mbele ambamo usukani unazungukia, unaongezeka digrii moja na ushee juu ya digrii 26 za kiwandani.

Sasa njoo kwenye treili, ambayo kwangu ndiyo roho ya kazi hii. Fuata mstari unaopita katikati ya kichwa cha fremu mpaka ugonge ardhi, weka alama. Shusha timazi kutoka kwenye ekseli, weka alama ya pili. Umbali kati ya alama hizo ndio treili. Yako ni kama milimita 170. Inalirudisha gurudumu kwenye mstari ulionyooka, kama lile gurudumu dogo la toroli la dukani linalogeuka lenyewe kufuata unakosukuma. Ukiweka 21 bila kugusa kitu kingine, treili inafika kwenye 190 na kitu. Hiyo ndiyo inayoleta uzito anaousema wa Minneapolis: kasi kubwa inatulia, mwendo mdogo inadondoka. Kwa 21 inavumilika, mikono inazoea.

Fremu usikate. Kwa safari zako ningetafuta shokapu za nyuma ndefu kwa kama inchi moja, pikipiki ikae sawa na mlalo urudi karibu na pale pa mwanzo. Stendi ya pembeni nayo iangalie, kwa sababu pikipiki ikiinuka italala zaidi ikisimama.

Kuna watakaokwambia ununue tripu tri zenye digrii, yale mabano mawili yanayoshika shokapu za mbele. Zinausukuma mguu wa shokapu mbele, na treili inapungua. Ni kifaa kizuri kikiwa mahali pake. Lakini nimeletewa pikipiki ya mtu aliyefunga za digrii nyingi kwenye fremu ambayo haijaguswa, na tairi la kawaida, kwa sababu alipenda shokapu zilale. Treili imebaki ndogo mno. Usukani wa namna hiyo ukianza kutetemeka kwenye kasi hautulii, na pikipiki hizi zina zaidi ya kilo 360 kabla hujapakia mtu. Usikubali mtu akufungie bila kupima treili mbele ya macho yako.

Breki pia. Diski ni ile ile ya milimita 300, lakini tairi limekuwa kubwa, kwa hiyo ukibana kwa nguvu zile zile, barabarani unapata pungufu ya kama asilimia 9. Kwenye 26 ni kama asilimia 18. Ukiwa na mama nyuma kwenye mteremko wa 337, asilimia hizo utazihisi.

Ishirini_na_Sita

Fundi, nakuheshimu, ila usiwatishe watu. Mimi nina 26, fremu imekatwa kichwani na kuchomelewa na mtu anayejua, na naipanda kila wikiendi bila shida. Ina raha yake.

Fundi_Dallas

Sijasema haina raha, na kazi ya namna hiyo ikifanywa vizuri naivulia kofia. Umeitaja fremu wewe mwenyewe. 26 kwa kawaida inahitaji kichwa kikatwe, na tripu tri zikadiriwe kwa kichwa hicho kipya. Huyu ndugu anabeba mke na mizigo milimani. Kwake jibu ni 21, basi.

Mpanda_Houston

Nimekuelewa, nitabaki na 21. Kuhusu madigadi, ya kiwandani itaingia? Na spidi mita?

Fundi_Dallas

Madigadi haitaingia, nunua ya 21. Spidi mita yako inasoma kwenye giaboksi, haiguswi.

Kabla ya kukabidhiwa, mwombe fundi atoe springi za shokapu za mbele, ashushe pikipiki mpaka shokapu zigote chini kabisa, kisha ageuze usukani kulia mpaka mwisho na kushoto mpaka mwisho. Tairi lisiguse mabomba ya fremu, kava la mbele wala engine gadi, lile bomba la kukinga injini. Mimi hupitisha kidole katikati. Kidole kisipopita, kazi haijaisha. Halafu soma ubavuni mwa tairi jipya namba ya uzito. La kwako la 18 mara nyingi limeandikwa 63, yaani kilo 272. Mwenye duka akikuletea lenye namba ya chini sana kuliko hiyo, mrudishie.