Mtu katoka kukimbia hajarudi, mbona sisi tunakuwa tushajua nani kamuua?

Nuru_K

Habari zenu wakuu. Kuna kitu kinanikera siku nyingi, naomba leo tukijadili kwa utulivu. Kila akipotea mtu aliyetoka kukimbia, na akiwa mwanamke ndo kabisa, jua halijazama watu washagawana pande, hawa wanasema mume anajua, hawa wanasema kajiteka mwenyewe anatafuta kiki, wengine wanasema katoroka na mchepuko, na hapo polisi hata mbwa hawajawaleta. Ukishuka kwenye komenti ni kikulacho ki nguoni mwako juu mpaka chini. Mume akilia kwenye TV wanasema anaigiza, asipolia wanasema mnaona, hana hata huzuni. Sasa huyo mtu afanye nini?

Kilichonirudisha kwenye hili ni kesi ya Sherri Papini wa Redding, California. Tarehe 2 Novemba 2016 mume karudi kutoka kazini hajamkuta, watoto nao hawajachukuliwa walikokuwa wanashinda mchana, akatafuta simu ya mkewe kwa ile programu ya kuonyesha simu ilipo, akaikuta imelala kando ya barabara pamoja na hedifoni zake. Mitandaoni yeye ndo akawa mshukiwa namba moja, akapimwa na ile mashine ya uongo akapita na bado watu hawakumwacha. Siku 22 baadaye, alfajiri ya sikukuu ya Thanksgiving, mwanamke kaonekana kando ya barabara kuu mbali kabisa na kwao, kakonda, kafungwa minyororo, pua imevunjika, begani kachomwa alama, anasema katekwa na wanawake wawili wa asili ya Amerika ya Latini (Walatini) wenye bastola. Ilipofika 2020 ile DNA iliyokutwa kwenye nguo zake ikawapeleka wapelelezi kwa mpenzi wake wa zamani, jamaa akasema alikuwa naye Costa Mesa, kusini mwa California, muda wote, kaja kwa hiari yake na majeraha aliyataka mwenyewe. 2022 Sherri akakiri mahakamani kwamba aliwadanganya wapelelezi, akapewa miezi 18 jela na kuamriwa kulipa zaidi ya dola 300,000.

Sasa swali langu ni hili. Kuna watu walisema mapema sana kwamba ile stori ni ya kutunga, na ikaja kuwa kweli. Je, walikuwa wameona kitu au walibahatisha tu? Na kama walipatia mara moja ndo tumepewa ruhusa ya kumtuhumu yeyote kila akipotea mtu mwingine? Naomba mawazo yenu.

chokaa77

Mkuu mi niwe mkweli, lisemwalo lipo. Watu sio wajinga, stori ikiwa haijakaa sawa mtu anaisikia tu. Papini sio wa kwanza, 2005 kule Georgia Jennifer Wilbanks aliaga anaenda kukimbia siku nne kabla ya harusi yake, harusi ya wageni 600, watu wakapekua kila kichaka, mchumba wake akaandamwa wee akitakiwa aende kwenye mashine ya uongo, kumbe bibi harusi kapanda basi na akaja kupiga simu kutoka Albuquerque, jimbo la mbali la New Mexico, anasema katekwa. Kwa hiyo kujiteka kupo, tusijifanye hatujui.

Halafu polisi wenyewe huwa wanaanza na mume, au uongo? Kama mpelelezi mwenye mshahara anaanza naye kwa nini mimi raia nisianze naye? Na kingine, tukinyamaza kesi inakufa, kelele za watu ndo zinawafanya wakubwa waamke. Sio kila anayeuliza ni mmbea.

Kitabu Wazi

chokaa77 hapo kwa polisi umechanganya vitu viwili kaka. Mpelelezi anaanza na mume, au mchumba, au mtu wa mwisho kuonana naye, ili kama hahusiki amtoe kwenye orodha mapema. Anamuuliza ulikuwa wapi, anaangalia simu yake imeshika minara gani, risiti, kamera, waliokuwa naye kazini, akijiridhisha anasonga kwa mwingine. Sisi tukianza na mume tunabaki naye hapohapo. Hujawahi kuona mtu wa komenti anaandika nimekagua, mume hahusiki, tuendelee. Haipo hiyo.

Nenda kasome kesi ya Chandra Levy, Washington, 2001. Binti wa miaka 24, amemaliza kipindi chake cha kujifunza kazi kwenye idara ya magereza ya serikali kuu anajiandaa kurudi kwao California, mwanzoni mwa Mei akapotea. Ikagundulika alikuwa na uhusiano na mbunge wa Congress, Gary Condit, mtu mzima na ana mke. Basi ikawa imeisha. Miezi yote ile ya joto TV za Marekani zilikuwa Condit asubuhi Condit jioni, mpaka Septemba 11 ilipokuja kufunika kila kitu. Na mi sisemi Condit alikuwa mtu safi, alichelewa kuwa muwazi na polisi kuhusu ule uhusiano na hilo lilimchoma mwenyewe, lakini kuwa na hawara ni jambo moja na kuua ni jambo lingine, watu wakayafanya kuwa kitu kimoja.

Sasa angalieni kilichokuwa mezani wakati watu wanatazama TV. Kompyuta ya binti ilionyesha siku ile aliyopotea alikuwa ametafuta habari za Rock Creek Park, msitu mkubwa uliopo ndani ya jiji ambako watu wanakwenda kukimbia. Na humohumo, kipindi hichohicho, kulikuwa na kijana aliyekuwa anavamia wanawake wanaokimbia na akakamatwa kwa makosa hayo mwaka huohuo. Polisi waliingia kutafuta wakakaa zaidi karibu na barabara za magari, zile njia za miguu za ndani hazikupekuliwa inavyotakiwa. Mabaki yalikuja kuonekana Mei 2002, na aliyeyaona ni mtu tu aliyekuwa anatembea na mbwa wake. Kufikia hapo Condit alishaangushwa kwenye kura za mchujo miezi miwili nyuma, na hakuwahi kushtakiwa kwa lolote kuhusu kifo kile.

Na kinachouma zaidi, hata yule kijana alitiwa hatiani 2010, baadaye akapewa nafasi ya kesi kusikilizwa upya, halafu 2016 waendesha mashtaka wenyewe wakaifuta baada ya ushahidi wa shahidi wao mkuu kuingia walakini. Maana yake mpaka leo hakuna hukumu inayosimama, siwezi kukuandikia hapa kwamba ni yeye. Familia imezika mtoto bila jibu. Mi naamini, na hili ni langu, ule mwaka wa kwanza uliopotea kumfukuzia mbunge hauwezi kurudishwa na mtu yeyote.

chokaa77

Hiyo ya Levy nimekuelewa. Ila bado hujajibu ya Papini, pale watu walipatia.

TausiM

Naomba nijibu mimi. Walipatia nini hasa? Mitandao ilisema mume kamuua, ikasema mihadarati, ikasema biashara ya kuuza watu, ikasema katoroka, ikasema kajiteka. Watu wengi wakisema kila kitu lazima mmoja wao atapatia, halafu yule mmoja ndo anatokea mbele anasema niliwaambia, wale wengine wote wanafuta komenti zao kimya. Kilichomkamata Papini ni DNA iliyokaa kwenye faili miaka minne mpaka ikapata ndugu wa yule mwanaume wa kulinganishwa naye. Hakuna komenti iliyofanya kazi hiyo.

Na kuna watu hamjawataja kabisa humu. Wanawake wa Kilatini. Alisema ni wawili, mmoja mkubwa mmoja mdogo kiumri, FBI ikatoa mpaka michoro ya sura zao mwaka 2017. Fikiria wewe ni mama wa watu unaishi maeneo yale, unafanana fanana na ule mchoro, unaingia dukani watu wanakutolea macho. Wilbanks naye alipopiga simu alisema mwanaume wa asili ya Kilatini pamoja na mwanamke mzungu. Wote wawili walipotaka uongo uaminike haraka walijua wamtaje nani, na uliaminika. Hapo ndo pananiuma mimi, maana kubahatisha kwetu hakuangukii kila mtu sawa, kunaangukia yule ambaye watu tayari walikuwa wanamshuku hata kabla hajafanya kitu.

Halafu kuna ile ya jimbo la Iowa, Marekani, 2018, mwanafunzi wa chuo katoka kukimbia jioni ya Julai 18 kwenye mji mdogo hakurudi. Haraka watu wakamrukia mpenzi wake, wakati alikuwa mji mwingine kikazi. Kilichofungua kesi ni kamera ya nyumba ya mtu binafsi, wapelelezi wakakaa wakaitazama wakaona binti anapita na gari moja jeusi linakwenda na kurudi, wakamtafuta mwenye gari, na yeye ndo akawaonyesha mwili ulipo, zaidi ya mwezi ushapita. Alitiwa hatiani 2021 akafungwa maisha. Muuaji alikuwa mhamiaji asiye na vibali, basi wanasiasa wakalipokea hilo wakaanza kulipigia kampeni, mpaka baba wa marehemu akaandika gazetini akiwaomba wasimtumie mwanawe kueneza chuki ambayo mwenyewe aliikataa. Baba yuko msibani anaandika hivyo. Mi nikisoma hapo nashindwa hata kuendelea.

MbioNdefu

Nimesoma yote, mimi ni mkimbiaji niongeze kitu ambacho naona hakijaguswa. Watu wakisikia mkimbiaji kapotea akili inaenda kwa muuaji moja kwa moja, wanasahau mwili. Moyo unaweza kusimama. Unaweza kuteleza ukagonga kichwa, joto likakuangusha, ukakosea njia giza likakukuta. Micah True, yule mkimbiaji wa masafa marefu wa Marekani, Machi 2012 aliondoka New Mexico kwenye mbio zake za kawaida, mtu mzoefu wa milima kuliko sisi wote humu, akapatikana siku kadhaa baadaye kando ya kijito amefariki, na uchunguzi ukaonyesha ni ugonjwa wa misuli ya moyo. Hakuna adui hapo.

Na Nicola Bulley wa Lancashire, Uingereza, huyu alikuwa anatembeza mbwa sio kukimbia ila ni mulemule. Januari 2023, simu ikakutwa juu ya benchi kando ya mto ikiwa bado imeunganishwa kwenye kikao cha kazini, mbwa anazunguka peke yake. Polisi walisema mapema kwamba wanadhani ameingia mtoni. Watu wakakataa, wakasema haiwezekani, wakafunga safari kutoka miji mingine kwenda kujirekodi TikTok pale kijijini, wanachungulia nyumba za watu, mpaka polisi wakawa wanatumia amri za kuwaondoa. Presha ikawa kubwa hadi polisi nao wakatoa hadharani mambo ya afya yake ambayo hayakumhusu mtu, wakalaumiwa sana kwa hilo, na mimi naona walistahili. Februari 19 mwili ukaonekana kwenye matete, mtoni humohumo, kama maili moja tu kutoka pale kwenye benchi. Mchunguzi wa vifo akahitimisha ni ajali, alizama, maji yalikuwa ya baridi kali na mtu akiingia ghafla kwenye maji kama yale anavuta pumzi bila kutaka, sekunde chache tu. Watoto wake wawili watakuja kuyakuta yale mavideo siku moja.

Nuru_K

Asanteni sana, TausiM umenipa kitu sikuwa nimekifikiria. Sasa niulize la mwisho, chokaa77 kasema tukinyamaza kesi inakufa na mi naona hapo ana hoja. Mtu wa kawaida asaidieje bila kuharibu?

MbioNdefu

Ana hoja kweli, Iowa bila mtu kutoa kamera yake kesi ingekuwa ngumu sana. Kwa hiyo anza hapo, kama unaishi au ulipita njia ile, usisubiri kuulizwa, hifadhi rekodi ya kamera ya nyumba au ya gari siku hiyohiyo maana nyingi zinajirekodi juu yake zenyewe baada ya siku chache, halafu wapelekee polisi na sio kuirusha mtandaoni ukiwa umezungushia watu duara jekundu. Ukisambaza tangazo sambaza lile la familia au la polisi lenye picha, nguo alizovaa, saa na mahali alipoonekana mwisho, usiongeze neno lako. Usiende kukanyagakanyaga eneo kama hujaitwa, mbwa wa kunusa wanapotezwa na hayo. Na ile habari ya kwamba lazima zipite saa 24 ndo utoe taarifa, Uingereza na Marekani polisi wenyewe wanaikanusha kila siku, piga simu mara unapoona sio kawaida yake.

Kwa sisi tunaokimbia, washa ile ya kuonyesha ulipo kwa mtu mmoja unayemwamini, mwambie njia unayopita na saa ya kurudi, na uwe na karatasi au bangili yenye jina na namba ya ndugu, kwa sababu ukizimia njiani anayekukuta hawezi kufungua simu yako.

Na akishapatikana, mzima au vinginevyo, rudini mkafute zile picha na namba za simu za familia mlizosambaza, maana zinaendelea kuzunguka miaka na kuna watu wanaendelea kuwapigia.