Boksi limeandikwa 10 Hz–40 kHz: je, nitasikia tofauti?

chumba_cha_juu:
Wakuu habari zenu. Naomba ushauri kabla sijatoa hela. Natafuta earphone zisizo na waya, zile zinazoingia ndani ya tundu la sikio, na nimebaki na aina mbili. Boksi la kwanza limeandikwa 20 Hz–20 kHz, draiva (kile kispika kidogo cha ndani) ya mm 10. La pili limeandikwa 10 Hz–40 kHz, draiva ya mm 13, lina ile nembo ya dhahabu ya Hi-Res, na bei yake inakaribia mara mbili. Nina miaka 44, nasikiliza taarabu, rumba ya Kongo na mihadhara. Simu ni Android.

Je, kuna kitu nitakachosikia kwenye la pili ambacho la kwanza halina? Na swali la pembeni: earphone nilizonazo sasa, ya kushoto iko chini na besi haipo mpaka niikandamize kwa kidole. Draiva imekufa?

fundi_mawimbi:
Mkuu, Hz ni mitetemo kwa sekunde, na kHz moja ni Hz elfu moja. Kuanzia 20 kHz hadi 40 kHz hutasikia chochote, na kijana wa miaka 18 naye hatasikia. Sikio la binadamu lenye afya hupokea takriban 20 Hz hadi 20 kHz, na sehemu ya juu ndiyo inayotangulia kupotea kadiri umri unavyokwenda. Chembe za koklea (kiungo cha ndani ya sikio kinachopokea sauti) zinazopokea masafa ya juu ziko pale mlangoni, na ndizo zinazochakaa mwanzo. Watu wengi wa umri wako huishia mahali fulani kati ya 13 na 16 kHz.

Hilo lisikutishe. Usikivu wote ni kama oktavu kumi (kila oktavu ni Hz kuongezeka mara mbili), na kutoka 10 kHz hadi 20 kHz ni oktavu moja tu. Noti ya juu kabisa ya piano ni 4,186 Hz. Waya mnene wa fidla ni 196 Hz, wa gitaa la besi ni 41 Hz. Herufi "s" na "sh" za mhadhiri zina nguvu zaidi kati ya 2 na 8 kHz hivi. Yaani karibu kila kinachokufanya utambue sauti ya mtu au ala kiko ndani ya eneo ambalo bado unalo.

Halafu angalia faili lenyewe. Sauti ya CD ina sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, kwa hiyo haiwezi kubeba kitu juu ya nusu yake, 22,050 Hz. MP3 ya kbps (kilobiti kwa sekunde) 128 kwa kawaida hukatwa karibu na 16 kHz. Earphone ya 40 kHz haina cha kucheza huko juu.

Namba za boksi zina tatizo jingine: hazisemi ni kwa tofauti ya desibeli (dB, kipimo cha ukubwa wa sauti) ngapi. "20 Hz–20 kHz, ±3 dB" ni taarifa. "20 Hz–20 kHz" peke yake inaweza kumaanisha kwamba kwenye 20 Hz sauti imeshuka desibeli 25, na bado mtengenezaji ameiandika. Nembo ya Hi-Res, ambayo ni ya Japan Audio Society, inadai kifaa kifike 40 kHz. Haikuambii kama sauti za kati zimemezwa na besi. Draiva ya mm 13 nayo si hoja, kwa sababu zipo za mm 6 zenye besi safi kuliko za mm 13.

Kinachotenganisha earphone nzuri na mbaya kiko zaidi kati ya 1 na 10 kHz. Tundu la sikio lina urefu wa kama sm 2.5, limefungwa na kiwambo cha sikio upande mmoja tu, na kwa umbo hilo hukuza sauti za karibu 3 kHz kwa desibeli 10 au zaidi. Ubongo umezoea hivyo tangu utotoni. Ukiziba tundu kwa earphone, ukuzaji huo unapotea, kwa hiyo mtengenezaji lazima aurudishe kwa kupandisha 3 kHz mwenyewe. Akiupunguza, mwimbaji wa taarabu anasikika kama yuko nyuma ya pazia. Akiuzidisha, fidla zinapiga kelele. Tundu lililozibwa nalo huzalisha mlio wake mpya karibu na 7 hadi 9 kHz, na mahali pake panategemea earphone imeingia kina gani. Ndiyo maana "s" zikikuchoma sikio, jambo la kwanza ni kujaribu mpira (ule wa mdomoni mwa earphone) mrefu au mfupi zaidi, kabla ya kulaumu kifaa.

mpira_wa_silikoni:
Niingie kwenye swali la pembeni, maana ndilo linalowapotezea watu hela. Ukikandamiza kwa kidole na besi ikarudi, draiva ni nzima. Hewa inavuja. Kwenye besi draiva hufanya kazi kama pampu ya baiskeli: inasukuma kijihewa kidogo kilichofungiwa kati yake na kiwambo cha sikio, na tundu dogo tu la pembeni linatosha kuumaliza mgandamizo. Sauti za kati na za juu haziathiriki sana, ndiyo maana unasikia sauti nyembamba, haikatiki kabisa.

Chukua mpira wa saizi inayofuata kwa sikio hilo tu. Masikio mawili ya mtu mmoja si lazima yalingane, kuvaa kubwa kushoto na ya kati kulia ni kawaida kabisa. Wakati wa kuvaa, pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma, fungua mdomo kidogo, ingiza huku unazungusha. Sema "mmm": sauti yako ikivuma kichwani, umeziba. Kisha piga mlio wa 50 Hz kwa sauti ya chini na kandamiza taratibu. Ukandamizaji usipobadilisha kitu, umefika. Mipira ya sponji huziba vizuri zaidi kwa wengi: ibane iwe nyembamba, ingiza, shikilia nusu dakika ivimbe.

Lakini umesema pia iko chini kwa jumla. Hapo badilishana: vaa ya kushoto kwenye sikio la kulia. Udogo wa sauti ukifuata kifaa, wavu wa mdomo wake umeziba kwa nta. Ukibaki kwenye sikio lile lile, nenda ukapimwe sikio, na usichokonoe kwa pamba, inasukuma nta ndani.

Kusafisha: vua mpira, uoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, uache ukauke kabisa. Kifaa chenyewe kielekeze wavu CHINI, sugua kwa mswaki laini mkavu ili uchafu udondoke badala ya kuingia. Pini hapana, itatoboa wavu. Usipulizie hewa ya kopo wala kudondoshea spiriti. Kuna pia kitundu kidogo sana kwenye mwili wa earphone, cha kupumulia draiva; kikiziba, besi inabadilika, nacho kipige mswaki.

Hakikisha pia kwenye mipangilio ya ufikivu ya simu kwamba mizani ya kushoto na kulia iko katikati.

oktavu_kumi:
Kama unataka kujua mwisho wako uko wapi, usitumie video za mtandaoni, sauti yake imebanwa. Pakua Audacity (programu ya bure ya kuhariri sauti), weka 44,100 Hz, tengeneza mlio wa "Sine" wa sekunde 5 kwa kila hatua: 8, 10, 12, 13, 14, 15, 16 kHz. Ukubwa uwe 0.1 na si 0.8. Hifadhi kama WAV (faili lisilobanwa). Weka sauti kwa kiwango unachosikilizia mhadhara kisha USIIGUSE tena. Watu hupandisha sauti wanapoacha kusikia, na nguvu yote inaingia sikioni ingawa hawaihisi. Na ukijaribu pia 18 kHz ukasikia kitu kinachofanana na mluzi wa chini au mkwaruzo, hiyo ni hitilafu ya kifaa, si sikio lako.

Kumbuka hapo unapima sikio na earphone kwa pamoja. Kipimo cha sikio peke yake hufanyika hospitali, na kwa kawaida huishia 8 kHz.

Dukani, ukilinganisha hizo mbili, sawazisha sauti kwanza. Inayopiga zaidi kwa desibeli 1 au 2 tu huonekana ina ubora zaidi. Pia sikio husikia besi vibaya sauti ikiwa chini; watafiti Fletcher na Munson walilionyesha mwaka 1933. Kwa hiyo zisikilize kwa kiwango unachotumia kila siku.

chumba_cha_juu:
Asanteni sana. Nimebadilishana, shida imefuata kifaa, na baada ya mswaki sauti imerudi. Mpira mkubwa umemaliza kuvuja. Moja la mwisho: nikiwa kwenye mkutano wa mtandaoni kwa laptopu, sauti inageuka kama redio mbovu. Hii nayo ni nta?

fundi_mawimbi:
Hapana. Maikrofoni ya earphone ikiwashwa, Bluetooth huhama kwenda njia ya simu. Kodeki (namna ya kubana sauti) ya zamani ya njia hiyo, CVSD, inachukua sampuli 8,000 kwa sekunde, hivyo inaishia chini ya 4 kHz. Ile mpya zaidi, mSBC, inachukua 16,000 na kufika chini kidogo ya 8 kHz. Hapo hata sikio la miaka 70 linagundua. Kwenye mipangilio ya mkutano, chagua maikrofoni ya laptopu na uache earphone kwa kusikilizia tu.

Kwa muziki, kodeki ya AAC ya kbps 256 au SBC ya kbps 328 inatosha. Kama earphone na simu zina LDAC (kodeki nyingine), ile ya kbps 990 hukatika kwenye msongamano wa mawimbi kama sokoni au stendi; weka 660.

Nunua ile ya bei ndogo kama inaziba masikio yote mawili na waimbaji wanasikika mbele. Kuziba kunakusaidia pia kupunguza sauti ndani ya daladala. Kiwango cha WHO kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 za ziada hukata muda huo nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10. Kelele huanza kula usikivu karibu na 4 kHz, palipo na maneno ya mihadhara yako.