Harusi ya Mchaga na Mchina, Marangu, ukungu mzito: wapiga picha naombeni mwongozo

Mpiga Picha wa Tegeta
Wakuu, habari za jioni. Nimepata kazi Marangu, Jumamosi ya pili ya Julai. Bibi harusi Mchaga, bwana harusi Mchina, wazazi wake wanatoka Guangdong na wanakuja na ukoo. Asubuhi kuna mambo ya kwao, yanafanyika nyumbani kwa kina bibi harusi: kugombea mlango, halafu chai. Baada ya hapo kanisani, jioni ukumbini, ndafu na MC kama kawaida yetu.

Shida yangu ni ukungu. Nilipanda wiki iliyopita kuangalia eneo, saa moja asubuhi sikuona hata migomba ya jirani. Picha za majaribio zimetoka kijivu, kama nimepiga nikiwa ndani ya chandarua. Fokasi inahangaika mbele nyuma, haishiki. Mimi nimezoea jua la Dar. Nina Canon 6D Mark II, lenzi ya 50mm f/1.8, 70-200mm f/2.8 na flashi moja. Niwaombe wasogeze muda? Nikodi flashi za ziada?

Kibo Mweupe
Usithubutu kuwasogezea muda. Huo si ukungu wa bondeni unaokatika jua likipanda. Hilo ni wingu limeegemea mlima. Julai linaweza kukaa mpaka mchana, likaondoka dakika kumi, likarudi. Mimi mzaliwa wa Mwika. Panga ratiba kana kwamba lipo siku nzima.

Umeme Haurudi
Hela ya Mchina hiyo mkuu, umechaji ngapi? 😂

Fundi Taa
Mleta mada, kijivu hicho ni kamera inadanganywa. Inaona weupe kila mahali, inadhani mwanga umezidi, inapunguza. Ongeza stopu moja kwa mkono, yaani mwanga mara mbili, weupe utarudi kuwa weupe. Piga RAW, faili ghafi la kamera, ili urekebishe baadaye.

Fokasi tumia pointi moja ya katikati, ilenge penye mpaka mkali: ukosi wa suti kwenye shati, ukingo wa shela. Ukiilenga kwenye ukungu wenyewe itatafuta hadi kesho.

Hiyo 70-200 iache kwenye begi mkiwa nje. Kadiri unavyosimama mbali ndivyo unavyoweka ukungu mwingi kati yako na watu, nyuso zinafifia. Weka 50, sogea mita tatu au nne. Watu watakuwa wazi, na migomba nyuma yao itapotea taratibu. Hapo ndipo ukungu unapokulipa.

Flashi juu ya kamera, hapana. Mwanga unagonga matone na kukurudia usoni, kama dereva anayewasha taa kubwa kwenye ukungu wa Mufindi. Ukitaka kuitumia, itoe, mpe msaidizi asimame nayo nyuma ya maharusi, nguvu ndogo. Ukungu utawaka pembeni yao wote wawili.

Mpiga Picha wa Tegeta
Asante sana kiongozi. Na rangi za ngozi? Dada ni mweusi wa kung'aa, jamaa ni mweupe. Juani huwa nikimwokoa mmoja namwunguza mwingine.

Fundi Taa
Ndiyo maana nakwambia ushukuru. Mwanga wa ukungu hauna kivuli kikali, nyuso zote mbili zinaenea kwenye fremu moja. Pima mwanga kwa uso wa bibi harusi. Kitakachokusumbua ni nguo nyekundu. Fungua histogramu ya rangi tatu, ile grafu ya mwanga kwenye skrini ya kamera, uangalie ile nyekundu. Ikigota ukingo wa kulia, nakshi yote inageuka bapa moja la rangi.

Aliyeishi Xiaobei
Nimefanya biashara Guangzhou miaka sita na nimealikwa harusi kadhaa. Ndugu yangu, unahangaika na ukungu, ila kinachoweza kukuharibia kazi ni hiyo chai.

Wazee wanakaa kwenye viti, maharusi wanapiga magoti au wanainama, wanatoa kikombe kwa mikono miwili. Mzee anakunywa funda moja, anarudisha kikombe, anatoa bahasha nyekundu au anamvisha bibi harusi dhahabu palepale. Anainuka, anakaa mwingine. Kila mzee ni sekunde chache na harudii. Ukimkosa baba mkubwa umemkosa, na utaulizwa.

Kwa hiyo kabla ya siku muombe bwana harusi orodha ya nani anaanza: mara nyingi babu na bibi, kisha wazazi, baba wakubwa na wadogo na wake zao, mpaka kaka na dada walioolewa au kuoa. Simama upande wa mzee, umwone bibi harusi usoni. Usikae mgongoni kwa maharusi. Na kamera yako ina sehemu moja ya kadi, badilisha kadi kabla ya chai, si katikati.

Usikose mwavuli mwekundu pia. Bibi harusi akitoka ndani anafunikwa nao hata kama hakuna mvua. Kwenye ukungu wa Marangu? Utanikumbuka.

Binti wa Tanga
Kaka, hilo la mlango lisikutishe. Mashoga wa bibi harusi wanafunga, bwana harusi na rafiki zake wanatozwa bahasha na kufanyishwa vituko ndio waingie. Huku pwani bwana harusi naye anadaiwa mlangoni. Wewe kaa ndani na kina dada, cheko lote liko huko.

Mzee wa Filamu
Vijana, mmesahau moja. Nje baridi, ndani kuna majiko na watu hamsini. Ukiingia, lenzi inapata jasho papo hapo. Iache kamera ndani ya begi lililofungwa zipu, robo saa, ndipo uitoe.

Mpiga Picha wa Tegeta
Shikamoo mzee, nimelipokea.

Mpiga Picha wa Tegeta
MREJESHO. Wakuu, nimerudi Dar jana. Ukungu haukuondoka mpaka saa saba na nusu. Mwavuli nimeupata: kila kitu cheupe, doa moja jekundu, na shangazi anayeushika haonekani ila vidole.

Sasa kosa langu. Mzee wa Filamu alisema robo saa, mimi nikasubiri dakika tano kwa sababu wazee walishakaa. Lenzi ikafunga ukungu, nikawa nafuta kwa tisheti. Hapo akakaa bibi mzaa mama, Mchaga, hayumo kwenye orodha, kajiongeza mwenyewe. Akamaliza kikombe chote, akasema chai yao ina tende, aongezewe. Wachina wakacheka, wakamimina. Bahasha hana. Akafungua fundo kwenye pindo la kanga, akatoa noti ya elfu kumi iliyokunjwa mara nne, akamfumbata bwana harusi kiganjani.

Nimepata fremu tatu, mbili zina wingu. Moja iko safi.

Binti wa Tanga
Tupia basi tuione!

Mpiga Picha wa Tegeta
Siwezi dada. Nilimwomba ruhusa, bibi kasema mtandaoni hataki, anataka ya ukutani. Ipo kwa fundi fremu.