Nusu eka Kongwa, msimu mmoja wa mvua: shamba la kuishi na kufundishia permakalcha, nianze na lipi?

MvuaMoja

Wakuu, habari za kiangazi. Nina nusu eka Kongwa, Dodoma, nataka liwe shamba la permakalcha, yaani kilimo kinachopangwa kwa kuiga mfumo wa asili. Kufuata mteremko ni mita 60, upana mita 34, na toka juu hadi chini shamba linashuka kama mita 3. Udongo ni mwekundu wa kichanga, ukikauka unafunga utando juu, basi mvua za kwanza zote zinateleza kwenda kwa jirani. Nyumba ina bati la mita za mraba 40. Maji mengine ni ya ndoo, kisima cha kijiji.

Kozi ya wiki mbili nimeshapita. Kanda (kupanga shamba kwa ukaribu na nyumba), tabaka za msitu wa chakula (miti mirefu hadi mimea ya chini), ramani, vyote vimo kwenye daftari. Nataka familia ile kutoka hapa, na kikundi cha watu 18 kijifunze hapa hapa. Kabla ya mvua ya Desemba nitangulize nini? Matandazo yanaliwa na mchwa, nifanyeje? Na kikundi kianze na somo gani? Hela ya kununua vifaa hawana, wana majembe.

FundiKontua

Tanguliza maji. Mipapai na milonge itasubiri.

Ukanda wenu hupata milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, na sehemu kubwa hushuka kwa mvua chache za kishindo. Milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, kwa hiyo kwenye nusu eka yako zinashuka lita zaidi ya milioni moja kwa msimu. Bati peke yake, ukishatoa asilimia 20 ya kupotea, linakupa kama lita 17,000. Maji unayo, ila hayakai.

Anza na kipimo cha A, kifaa cha kutafuta mistari ya usawa inayokatisha mteremko, ambako utachimba mitaro ya kukinga maji. Fito mbili za mita 2 zifungwe juu, miguu iachane mita 2, ufito wa kati wa mita 1 na ziada kidogo ya kufungia, na kamba yenye jiwe ining'inie kutoka juu. Kisimamishe, weka alama pale miguu inapokanyaga, na chora alama pale kamba inapogusa ufito wa kati. Kisha kigeuze, mguu wa kulia ukanyage alama ya kushoto, uchore alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo usawa ulipo. Wengi huruka hapo pa kugeuza. Kosa la sentimita 2 kwa kila hatua ya mita 2 linafika sentimita 34 mwisho wa mstari wako wa mita 34, na hapo umeshachimba mtaro wa kumwaga maji ukidhani unayakinga. Pima asubuhi kabla upepo haujaanza kuchezea jiwe.

Kwa mteremko wako wa asilimia 5, weka mistari ya mitaro kila mita 20: mmoja karibu na mpaka wa juu, wa pili, wa tatu. Chimba sentimita 60 upana na 60 kina. Kama unataka ngazi zijijenge zenyewe miaka ijayo, fanya juu, yaani udongo urushwe upande wa juu, na uache ukingo mtupu wa sentimita 20 hadi 30 kati ya tuta na mtaro ili udongo usirudi ndani. Ndani ya mtaro acha kizuizi cha udongo kila mita 5 au 6, kifupi kuliko tuta. Mahali pamoja pakibomoka, maji ya mstari mzima hayatakimbilia hapo.

Kila mtaro uwe na mdomo wa kutolea maji, upana mita 1, chini ya kimo cha tuta kwa sentimita 15, umepangwa mawe. Usipouweka, maji yatajitengenezea wa kwao, na yatachagua pabaya. Mdomo wa mtaro wa juu usielekee moja kwa moja kwenye mdomo wa mtaro unaofuata.

Mtaro mmoja ni kama mita za ujazo 12. Udongo ukiwa na unyevu kidogo, mtu mmoja hutoa mita za ujazo 2 kwa siku. Oktoba ardhi ni jiwe, kwa hiyo gawa: chora na weka vigingi sasa, chimba ule wa juu kabla ya mvua, iliyobaki ichimbwe baada ya mvua ya kwanza kulainisha.

NyasiKavu

Nakazia hilo la mdomo. Naongeza moja: usiingize maji ya barabarani kwenye mtaro mwaka wa kwanza. Yanavutia, lakini yanakuja mengi kwa mara moja na tuta bichi halijashikana.

Sasa mchwa. Wanafuata majani makavu yaliyokufa, na wakiyapata chini huwa hawana haraka na shina linaloishi. Shida inakuja unapotandaza Agosti: hakuna unyevu wa kulinda, wanakula vyote, na Desemba udongo uko uchi tena. Tandaza mvua ikishaanza, unene wa sentimita 10, uache nafasi ya kiganja kuzunguka shina. Mti mchanga wekea jivu kavu kuzunguka, urudie kila mvua inapolisafisha. Vishimo wanavyotoboa kwenye ule utando wako vinaingiza maji, kwa hiyo dawa ya kuua mchwa shamba zima utakuwa unanunua hasara.

Lakini tuseme ukweli, Kongwa matandazo mengi huliwa na ng'ombe. Baada ya mavuno mifugo inaachiwa mashambani na mabua yote yanaondoka. Una njia mbili. Ya kwanza ni matandazo yanayoishi: fiwi na kunde katikati ya mtama, zipandwe wiki mbili au tatu baada ya mtama kuota ili zisiuzidi nguvu. Mbaazi iende juu ya matuta. Ya pili ni ua wa minyaa. Kata vipande vya nusu mita, viache kivulini utomvu ukauke, panda kwa nafasi ya sentimita 30. Utomvu wake unaunguza macho vibaya, watoto wasishike kazi hiyo. Ua utachukua miaka kadhaa kufunga, kwa hiyo kaa na wenye mifugo kabla hujapanda, na suala lifike serikali ya kijiji.

MwalimuWaJembe

Kuhusu kikundi nina maoni makali kidogo. Mtaala wa saa 72 aliouacha Bill Mollison, mmoja wa waanzilishi wa permakalcha, unafaa kumlea mpangaji wa mashamba. Kwa watu 18 wenye majembe mpangilio wake hauendani na msimu: huwezi kufundisha kanda na tabaka Oktoba wakati kichwani mwao kuna mbegu. Fuata kalenda ya mvua. Na picha ya kihamba cha Kilimanjaro, yaani shamba la nyumbani la Wachaga lenye migomba na kahawa chini ya miti mirefu, weka kando kwanza. Kule mvua ni nyingine, watu wako wataona unawaonyesha peponi.

Somo la kwanza lichukue saa moja. Chukua kopo la bati lililotolewa kitako, ligonge sentimita 5 kwenye udongo ulio uchi, mimina nusu lita, hesabuni dakika hadi maji yaishe. Rudia chini ya mti ambako majani yamelala. Usieleze chochote kabla hawajauliza. Somo la pili kila mmoja atengeneze kipimo chake cha A na aondoke nacho.

La tatu ni mashimo ya Chololo, mashimo madogo ya kupandia yanayokusanya maji, na hili lina heshima kwa sababu limetoka kijiji cha Chololo hapo hapo Dodoma. Kipenyo sentimita 22, kina 30, shimo hadi shimo 60, mstari hadi mstari 90. Robo ya eka ni mashimo 1,850 hivi, msimwachie mtu mmoja. Weka konzi mbili za samadi iliyoiva na jivu kidogo, rudisha udongo lakini ubakize bakuli la sentimita 5 juu. Samadi mbichi itaunguza miche mvua ikikatika. Panda mbegu 3 za mtama, punguza zibaki 2.

Acha eneo la mita 10 kwa 10 lililolimwa kawaida, mbegu ile ile, siku ile ile. Bila hilo, mavuno yakiwa mazuri watasema mwaka ulikuwa mzuri. Siku ya kuvuna pimeni eneo la kawaida na eneo sawa na hilo la mashimo kwa debe moja, mbele ya wote.

Kiangazi ndicho msimu wa kisiki hai, yaani kulea visiki vilivyo hai shambani hadi viwe miti tena. Chagua visiki vinavyochipua, bakiza machipukizi 3 hadi 5 yaliyo wima, kata mengine, pogoa matawi ya chini hadi nusu ya kimo, funga kitambaa ili mpita njia ajue mti una mwenyewe. Miche ya kununua haihitajiki kabisa.

MvuaMoja

Shukrani sana, wakuu. Swali la mwisho: duara la migomba kwa maji ya bafuni, Kongwa linawezekana?

FundiKontua

Linawezekana, ila dogo. Watu 5 wakioga lita 15 kila mmoja una lita 75 kwa siku, na kwa jua lile mimi nisingezidisha migomba 3 na mipapai 2. Shimo la upana wa mita 2 na kina cha mita 1, udongo uwe tuta kuzunguka, mimea ikae kwenye tuta. Jaza mabua na matawi hadi yapande juu ya usawa wa ardhi, maji yaingilie chini yake, hapo mbu hapati pa kutagia. Yasiwe maji ya choo. Kaa mita 3 kutoka msingi wa nyumba na 30 kutoka kisima. Mboga za kuliwa mbichi zisipandwe hapo.

Mabua yataoza na kushuka, ongeza kila baada ya miezi michache. Asubuhi ukikuta maji yamesimama, udongo umeziba kwa sabuni na mafuta: chimba shimo la pili, bomba lihamie kwa zamu, la kwanza likauke.