Mama mkubwa kamaliza kitabu

Mama Mkubwa: Nimemaliza

Juma: Shikamoo mama mkubwa. Umemaliza nini usiku huu, dozi?

Mwanahawa: Jamani! Saa tano usiku simu inalia, kutazama ni kikundi cha ukoo. Nikajua msiba

Mama Mkubwa: Marahaba. Msiba hakuna. Ni kitabu. Les Misérables cha Victor Hugo. Nimekifunga sasa hivi

Salma: LILE TOFALI??? Lililokuwa chini ya mguu wa cherehani?

Mama Mkubwa: Ndilo hilo. Cherehani sasa inachechemea, mtaitafutia kibao

Mjomba Hamisi: Hongera sana dada. Ulipoanza kukisoma nilikuwa sijanunua bajaji. Nimeinunua, imenitesa, nimeiuza 😂

Mama Mkubwa: Cheka tu. Kina sura 365. Nikajipangia sura moja kila baada ya swala ya alfajiri, mwaka ukiisha nacho kimeisha. Ila huku mwishoni uvumilivu umenishinda. Leo nimeshika tangu magharibi, wali umeungulia jikoni nanusa tu

Juma: Kinahusu nini lakini?

Mama Mkubwa: Mtu kaiba mkate, watoto wa dada yake saba wana njaa. Kafungwa miaka 5. Kila akitoroka wanamwongezea, ikafika 19. Katoka, hakuna anayempa hata pa kulala isipokuwa askofu mmoja mzee. Naye usiku kamwibia askofu vyombo vya fedha! Polisi wakamrudisha wamemshika. Mzee wa watu akasema vyombo kampa mwenyewe, tena akamwongezea na vinara viwili vya mishumaa, eti mbona alivisahau

Mwanahawa: Mimi ningempa na kofi

Mama Mkubwa: Sasa vile vinara. Unavisahau kabisa. Unapita vita, mapenzi, vizuizi vya barabarani Paris, vijana wanakufa. Halafu yule bwana yuko kitandani anakata roho, unaona vinavyowaka pembeni yake ni

Salma: Mama usiseme mwishooo! Filamu nimeshaipakua

Mama Mkubwa: Kimetoka 1862, Salma. Muda ulikuwa nao

Mjomba Hamisi: 😂😂😂

Juma: Hukuruka hata kidogo?

Mama Mkubwa: Sura za lugha ya wezi nilipitisha jicho tu, Mungu ananiona. Lakini mifereji ya maji machafu nimesoma yote. Mwenzenu kambeba majeruhi mgongoni, kaingia kwenye mfereji, roho juu, Hugo anamwacha humo humo anaanza kutueleza jinsi Paris inavyotupa mbolea yake baharini

Mjomba Hamisi: Hapo kasema kweli, mbolea ni mali. Niulizeni mimi na mahindi yangu

Mama Mkubwa: Palipotaka kunishinda ni Waterloo. Sura 19 za vita, na mwenye hadithi hata hayupo, bado yuko gerezani! Ramadhani nzima nimo Waterloo. Na katikati ya vita hivyo nikakuta tiketi ya basi, ya kwenda Moshi

Mwanahawa: Ya nani?

Mama Mkubwa: Ya baba yenu mkubwa. Ndipo alipoishia

Mama Mkubwa: Miaka yote aliniambia kakisoma chote. Na alikuwa anakisimulia!

Mjomba Hamisi: Shemeji huyo 😂 Mungu amrehemu

Salma: Amin

Mama Mkubwa: Amin. Angevuka kurasa chache tu angemkuta yule mwizi anayepekua maiti usiku, ambaye baadaye ndiye anayewasumbua wote. Mimi ndiye ningemsimulia sasa

Mama Mkubwa: Nimekaa nacho mapajani. Sijui kesho baada ya alfajiri nitashika nini

Juma: Mama mkubwa, Jumapili nakuja na kibao cha cherehani. Nikiazime?

Mama Mkubwa: Njoo. Usikunje kurasa, na tiketi usiitoe ilipo