Naenda ukweni Ugogo mara ya kwanza: mlenda wa kukaushwa unapikwaje, na unaliwaje?

BintiPangani

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za saa hizi.

Mimi ni mzaliwa wa Pangani, nimekulia kwenye nazi na samaki. Mwaka jana niliolewa na Mgogo wa Chamwino. Harusi ilifanyika kwetu, kwa hiyo kwao sijawahi kufika. Sasa tunakwenda mwezi wa saba, wiki mbili nzima, na mama mkwe ameshaanza kuulizia siku. Nikimuuliza mume wangu habari za chakula cha kwao, jibu lake ni "utazoea tu", basi.

Kinachonisumbua ni hiki. Mama mkwe alipokuja harusini aliniletea kopo la unga wa kijani, akaniambia ni mlenda, ameuchuma na kuukausha mwenyewe. Walipoondoka nikajaribu kuupika. Niliukoroga kwenye maji ya baridi kama mtu anayekoroga uji, ukafanya mabonge. Nikaongeza tui la nazi nikidhani litaokoa, ndiyo ukaharibika kabisa. Ilibidi niumwage. Roho iliniuma mno, kwa sababu mikono yake niliiona ilivyo, na najua hakuupata kwa siku moja.

Sitaki kufika kwake sijui kitu. Naomba anayejua anieleze mlenda wa unga unapikwaje, na ule utelezi mtu anaulaje mbele ya wakwe bila kuchafua nguo. Na je, nikibeba mchele na mafuta yangu ya kupikia nitakuwa nimewadharau? Dada yangu mmoja ananishauri nibebe, eti Dodoma ni ukame na chakula ni cha shida. Mimi moyo wangu unakataa.

MjukuuWaMvumi

Mbukwenyi wifi. Nakuita wifi kwa sababu ukishaolewa Ugogo, sisi wote ni mawifi zako. Hiyo "mbukwenyi" ishike hapohapo, ndiyo salamu ya kwanza utakayoisikia, na ukimwahi mama mkwe kwa salamu hiyo kabla hajakusalimu kwa Kiswahili, atafurahi siku nzima.

Moyo wako umekushauri vizuri kuliko dada yako. Mchele usibebe. Bahi wanalima mpunga, na ukihitaji wali utaupata. Mafuta ndiyo kabisa usibebe: mwezi wa saba alizeti imevunwa au inavunwa, utakuta watu wanakamua mafuta mapya yenye harufu ya mbegu yenyewe. Kuna mke wa kaka yangu aliwahi kuja kwa bibi na tambi zake na jiko lake la gesi, akawa anapika pembeni. Bibi hakusema neno. Lakini kila jioni alikuwa anapakua ugali wa yule mkwe na kuufunika, asubuhi anaukuta ulivyo. Siku ile ya mwisho nilimwona bibi anampa mbwa ule ugali, na sijasahau sura yake.

Sasa nikueleze jambo ambalo huko pwani ni vigumu kulielewa mpaka ulione. Nyie mboga zenu zinatoka shambani au baharini kila siku. Sisi mvua ni moja tu, inaanza Desemba na kuishia Aprili, na mwaka mwingine inakatika katikati. Miezi hiyo michache mbuga yote ni ya kijani, mlenda unaota wenyewe porini na pembezoni mwa mashamba, majani ya kunde yamejaa, mgagani umejaa. Wanawake wanachuma hadi viganja vinakuwa vyeusi. Kinachobaki baada ya kula kinaanikwa. Zamani kilianikwa juu ya tembe, kwa sababu paa la tembe ni bapa, la udongo, jua linapiga juu na kuku hawafiki. Siku hizi bati zimekuwa nyingi, kwa hiyo utaona mikeka na turubai uani. Majani ya kunde wengi wanayachemsha kwanza ndiyo wayaanike. Mlenda unaanikwa mbichi, ukikauka mpaka unavunjika ukiushika, unatwangwa kwenye kinu, unachekechwa, unahifadhiwa kwenye kibuyu, chungu, au makopo kama hilo lako.

Kwa hiyo karibu kila mboga utakayopakuliwa mwezi wa saba imeshaonana na jua miezi minne iliyopita. Si chakula cha shida. Ni chakula cha mtu aliyepiga hesabu mwezi wa pili ili mwezi wa kumi wanawe wasilale njaa. Ukiingia kwa mama mkwe, hata kabla ya chakula, muombe akuonyeshe alivyohifadhi: kihenge cha uwele, karanga, makopo ya mboga. Hapo utakuwa umemheshimu kuliko kumpa doti ya kanga. (Kanga nayo umpelekee, bila shaka.)

Kupika. Injika maji kidogo, yachemke sawasawa. Hapo ndipo ulipokosea, maji ya baridi hayafai. Tia magadi kiasi cha kucha ya kidole kidogo, na nyanya moja iliyokatwa. Kisha chukua konzi moja ya unga wa mlenda, unyunyize kidogokidogo huku mkono wa pili unapekecha kwa upekecho, usiache kupekecha. Utaona maji yanaanza kushikana, yanavuta. Tia karanga zilizotwangwa laini na chumvi, uache uchemke taratibu dakika chache, ipua. Mafuta hauhitaji. Tui, wifi yangu, usirudie tena, mlenda na tui haviivani.

Kula. Ugali wetu ni wa uwele au mtama, mgumu kidogo. Kata tonge dogo kuliko ulilozoea, lifinyange, libonyeze kwa kidole gumba lifanye kishimo. Chovya, na unapoinua usivute mkono juu moja kwa moja, ndiyo maana watu wanajichafua. Zungusha mkono nusu duara ukiwa bado juu ya bakuli, ule uzi wa mlenda unajikunja kwenye tonge na kukatika. Fanya mazoezi nyumbani kwa bamia.

Kwetu wanaume wana sinia lao, wanawake na watoto lao. Baba mkwe hutakula naye sahani moja, na usione umetengwa, ni heshima yenu wote wawili. Mdogo ndiye anayezungusha maji ya kunawa, anaanza kwa mkubwa. Wewe ni mkwe mpya, shika jagi uwanawishe, hata wakikuambia kaa. Na siku ya pili omba mwiko. Siku ya kwanza wewe ni mgeni, hawatakupa.

Mwisho, beba sweta. Watu wakisikia jua la Dodoma wanasahau kwamba mwezi wa saba usiku kuna upepo wa baridi, na chakula cha jioni mara nyingi ni nje, karibu na moto.

Dereva wa Mtera

Dada hapo juu amemaliza mambo ya jikoni, mimi niongeze ya barabarani, napiga njia ya Iringa–Dodoma mwaka wa tisa sasa.

Usione eti unaacha samaki Pangani. Bwawa la Mtera lina perege na kambale, na wale wa kukaanga au wa kukaushwa utawapata mpaka masoko ya Dodoma mjini. Mume wako akuchukulie. Na kama Jumamosi mtakuwa karibu na mji, nendeni mnada wa Msalato. Ng'ombe na mbuzi wanauzwa upande mmoja, upande mwingine nyama inachomwa. Unachagua mwenyewe kipande, kinakatwa mbele yako, kinaletwa kwenye ubao na chumvi, pilipili na ndimu. Mbuzi wa kule wanakula vichaka vikavu, nyama yao haina maji, ina ladha ambayo mbuzi wa kufungiwa hana.

Zabibu mtakuwa mmewahi kidogo. Huko Mpunguzi, Hombolo na Makutupora mizabibu inavunwa mara mbili kwa mwaka, awamu moja karibu mwezi wa pili na wa tatu, nyingine mwezi wa nane na wa tisa. Mkichelewa kuondoka mtazikuta zinauzwa kwa beseni kando ya barabara.

Ila kwenye magadi mimi natofautiana na dada. Mama aliyenilea alikuwa hatii magadi kwenye mlenda wa unga, anatia kwenye kunde tu. Alikuwa akisema mlenda wenyewe unateleza vya kutosha.

MjukuuWaMvumi

Kaka, kila nyumba na mkono wake. Bibi alikuwa anatia, akasema magadi yanalainisha. Wifi, utakachokikuta kwa mama mkwe wako ndicho sahihi.

Alizeti

Mimi Mnyaturu wa Singida, jirani zao. Nakubali yote isipokuwa mmesahau ubuyu. BintiPangani, ubuyu mliouzoea huko pwani ni ule uliopikwa na sukari na rangi nyekundu. Kwetu na kwa Wagogo utauona kwenye kifuu chake, mweupe, mkavu kama chaki. Unatiwa kwenye uji wa uwele badala ya ndimu, uji unakuwa na uchachu mzuri. Majani machanga ya mbuyu nayo yanaliwa, yanateleza kama mlenda.

Na kama mume wako ana ndugu Singida, mpite mle kuku wa kienyeji. Sitasema zaidi, kuku wenyewe watajieleza.

BintiPangani

Asanteni mno. MjukuuWaMvumi, nimesoma maelezo yako kwa sauti mbele ya mume wangu, akanyamaza muda mrefu, halafu akasema kwao kulikuwa na tembe mpaka alipofika darasa la nne, na yeye ndiye aliyekuwa akipandishwa juu kugeuza mboga kwa sababu alikuwa mwepesi. Tuna mwaka mzima kwenye ndoa na hilo hakuwahi kuniambia.

Swali moja dogo: nazi je? Nimetamani nibebe tatu niwapikie siku moja.

MjukuuWaMvumi

Beba hata tano! Ugeni ni kubadilishana. Beba na mbuzi ya kukunia, huko hutaikuta. Ila usipike siku za mwanzo. Kula vyao kwanza, halafu omba siku yako.

BintiPangani

Nimerudi jana, nikaona si vizuri kukaa kimya baada ya msaada wote ule.

Tulifika magharibi. Nikamwahi mama kwa "mbukwenyi". Aliniitikia, akanishika mikono yote miwili, akaniangalia, hakuniachia mpaka tukaingia ndani. Usiku ule nilikula kama mgeni, mlenda wa unga na maziwa mgando. Nilizungusha mkono nusu duara, uzi ukakatika. Mtoto mmoja wa wifi akasema kwa sauti, "Anajua!"

Siku ya pili niliomba mwiko. Tulikuwa watu tisa. Unga wa uwele ni wa kijivu, na alikuwa ameusagisha jana yake tu, akanieleza kwamba ukikaa unabadilika harufu, ndiyo maana wanasaga wa siku chache. Nilianza na uji, nikaongeza unga, na ulipoanza kushika nikaelewa kwa nini mwiko wao ni mnene vile. Mkono ulinichoka kabla ugali haujaiva. Mama hakuninyang'anya mwiko. Aliweka mkono wake juu ya wangu, tukasonga pamoja, akawa ananionyesha kuukandamiza ugali kwenye ubavu wa chungu badala ya kuuzungusha. Viganja vyake ni vikavu, vina joto, vinanuka moshi na karanga.

Kihenge alinionyesha, na makopo pia. Alikuwa nayo kumi na moja, kila moja anajua ni la mboga gani bila kulifungua. Anatikisa na kusikiliza. Moja lilikuwa na majani ya kunde ya mwaka juzi, akasema hilo haliguswi mpaka mvua zionekane.

Dereva wa Mtera, kwake mlenda ulitiwa magadi, lakini kidogo sana, hata kucha ilikuwa nyingi. Msalato tulifika, na ulichosema kuhusu mbuzi ni kweli tupu.

Siku ya kumi walinipa zamu yangu. Nilipika perege wa Mtera kwa nazi na wali wa Bahi. Watoto waligombania kukaa juu ya mbuzi ya kukunia. Baba mkwe, ambaye kwa siku zote zile nilikuwa namsikia sauti tu kutoka upande wa wanaume, alituma mtoto arudishe bakuli lake jikoni, aongezewe mchuzi.

Mama amenipa kopo jingine la mlenda, kubwa kuliko lile la kwanza. Sasa Pangani hewa ina unyevu, chumvi tu kwetu inalowa kwenye kopo. Nitauhifadhije usiharibike? Huu sitaki upotee hata kijiko.

MjukuuWaMvumi

Wifi yangu, nimesoma nikaita watoto wangu wasikilize.

Utandaze kwenye ungo uuanike tena, jua la saa nne mpaka saa nane, siku mbili. Juu yake weka kitambaa chepesi upepo usiubebe. Ukishaanua uache upoe kabisa kivulini ndipo uufunge. Ukiufunga una joto utatoa jasho ndani ya kopo, na hapo ndipo ukungu unapoanza. Gawa kwenye makopo madogo ili usifungue lote kila siku, na mwezi wa kumi na moja, kabla vuli haijakolea huko kwenu, utoe uanike tena.